Aliyeachwa na Msafara Hakuachwa Siku Hiyo

Atokaye mjini Unguja alfajiri ya siku ya mapumziko, akashika njia ya Bububu kuelekea Mahonda, huenda akakutana na kundi la waendesha baskeli, kumi au ishirini, wamepangana gurudumu kwa gurudumu, wakienda kwa kasi inayowashangaza hata madereva wa daladala. Kundi likipita husikika mvumo wa minyororo na matairi, mfano wa nyuki waliohama mzinga, kisha kimya. Lakini mtazamaji akisubiri dakika mbili tatu ataona jambo la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Atamwona mtu mmoja, peke yake, kichwa amekiinamisha juu ya usukani, mdomo wazi, shati limerowa jasho, akinyonga kwa nguvu zake zote ili alifikie kundi ambalo hatalifikia tena.

Huyo ndiye aliyeachwa. Aghalabu si mvivu wala si mgonjwa. Pengine kila siku huenda kazini kwa baskeli na kurudi, na mwenyewe hujiona ni mwendeshaji hodari. Ndiyo maana kuachwa kunamuuma. Na katika uchungu huo hufanya makosa mawili. La kwanza ni la hapo hapo: hufukuza bila ya kutazama, haoni shimo, hasikii honi ya gari iliyo nyuma yake, na njia zetu ni nyembamba. La pili huja baadaye: akifika nyumbani huiegemeza baskeli ukutani na kusema kwamba mambo haya ni ya vijana, au ni ya watu wenye baskeli za thamani, wala harudi tena. Kosa la kwanza laweza kumtoa roho kwa siku moja. La pili humdhuru polepole, mwaka baada ya mwaka, katika kiti cha ofisi.

Makala haya yanakusudia kumwambia mtu huyo neno moja, kisha kulieleza. Neno lenyewe ni kwamba hakuachwa siku hiyo. Aliachwa wiki kumi na mbili zilizopita, siku ambazo wenzake walikuwa wakijenga kitu ambacho yeye hakukijenga. Na kwa kuwa ni kitu cha kujengwa, yeye naye aweza kukijenga.

KWANZA TUONDOE AIBU

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mji wa Kigali, nchini Rwanda, uliandaa mashindano ya dunia ya mbio za baskeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za zaidi ya kilomita 267, milima juu ya milima, na mshindi akawa Tadej Pogačar wa Slovenia. Walianza watu zaidi ya 160, wote waliochaguliwa na mataifa yao, na wengi wao ni watu ambao kazi yao ni hiyo na chakula chao hutoka humo. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Waliobaki hawakumaliza, na wengi wao waliachwa, wakashuka.

Basi ikiwa mabingwa wa dunia huachwa, aibu ya karani au mwalimu aliyeachwa njia ya Mahonda iko wapi? Kuachwa ni kipimo. Humwonyesha mtu mahali nguvu zake zilipokomea, na mwenye akili hukipokea kipimo hicho kama mshoni anavyopokea utepe wa kupimia.

Wala asidhani mtu kwamba mchezo huu si wetu Waafrika. Biniam Girmay, aliyezaliwa Asmara, Eritrea, mwaka 2000, alishinda hatua tatu za Tour de France ya mwaka 2024 na kuvikwa fulana ya kijani ya mkusanyaji mkubwa wa pointi. Chris Froome, aliyeshinda mashindano hayo mara nne akiwa mwendeshaji wa Uingereza, alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alijifunza mchezo akiwa kijana mdogo kwa kufuatana na David Kinjah na vijana wake huko Kikuyu. Hakuanza kwa kuwashinda. Alianza kwa kuwafuata, akiachwa na kurudi tena, katika kundi lenye mkubwa aliyekuwa tayari kumfundisha.

UPEPO NDIO MLIMA WETU

Kisiwa cha Unguja hakina milima mirefu. Mlima wetu ni upepo. Mwendeshaji anayekwenda pole, kilomita 12 au 15 kwa saa, huuona upepo kama rafiki anayempoza. Akiongeza kasi, rafiki huyo hugeuka. Nguvu ya hewa inayomzuia mtu huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Akitoka kilomita 25 kwa saa kwenda 30, yaani ameongeza sehemu moja katika tano tu, kizuizi cha hewa hupanda kwa asilimia 44, na kazi ambayo miguu hulazimika kuifanya dhidi ya hewa hiyo hupanda kwa asilimia 73. Ndiyo maana mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa bila taabu hushangaa kuona kilomita 30 zinamvunja.

Faida ya kundi ni kwamba aliye mbele huipasua hewa kwa niaba ya walio nyuma. Mtu anayefuata karibu na gurudumu la mwenzake huokoa kiasi cha robo hadi theluthi ya nguvu zake, na katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Akiachia nafasi, faida hiyo hupungua kila hatua, na akishatoka kabisa katika kivuli hicho cha upepo hulazimika kufanya peke yake kazi ambayo kundi linaifanya kwa zamu. Hapo hesabu haimpi nafasi. Watu kumi wanaopokezana watamshinda mtu mmoja, hata awe hodari kuliko kila mmoja wao.

Wazee wetu wa baharini hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kila nahodha anaujua upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakokwenda. Mwendeshaji wa kundi naye hana budi kuujua. Wakati wa kaskazi, anayetoka mjini kwenda Nungwi, safari ya yapata kilomita 60, huupokea upepo usoni, na akirudi humsukuma mgongoni. Wakati wa kusi mambo hugeuka, na wengi hudanganyika: huenda Nungwi wakijiona mashujaa, kumbe ni upepo uliowabeba, na deni lao hulilipa wakati wa kurudi. Kwa njia ya Makunduchi, kaskazi humpiga mwendeshaji ubavu wa kushoto. Kivuli cha upepo basi huangukia nyuma ya mwenzake kwa upande wa kulia, kuelekea katikati ya barabara zinakopita gari. Hapo hekima ni kundi kujigawa vikundi vidogo na kupunguza kasi, kuliko kujitandaza njia nzima kwa kutafuta demani.

MAHALI MTU ANAPOACHWA

Tukifahamu habari ya upepo tutafahamu pia kwa nini mtu mwenye pumzi ndefu huachwa. Watu wengi hudhani kwamba aliyeachwa alichoka kwa urefu wa safari. Mara nyingi sivyo. Mtu huachwa katika dakika moja au mbili, mahali maalumu. Huachwa kwenye kipando kifupi. Huachwa pale aliyekuwa mbele anapompisha mwenziwe na huyu wa pili akaongeza kasi. Zaidi ya yote huachwa baada ya kona.

Tuchukue mfano. Watu ishirini wanakwenda kilomita 35 kwa saa, wakafika kwenye mzunguko wa barabara. Wa mbele anapunguza hadi 20, anapinda, kisha anaanza kuongeza. Wakati yeye amekwisharudi kwenye 35, wa mwisho ndiyo kwanza anaingia kwenye kona. Akitoka humo atakuta mwanya, na ili auzibe itambidi aende 40 kwa muda, si 35. Kundi likivuka kona kumi, wa mwisho amekimbia mbio fupi kumi ambazo wa mbele hakuzijua kabisa. Ndiyo maana mwoga anayejificha nyuma kabisa kwa kudhani anapumzika ndiye achokaye mapema. Mahali pa mtu asiye na nguvu nyingi ni theluthi ya mbele ya kundi, nyuma ya watu watulivu, si mkiani.

Kwa hiyo mwendo wa kundi hudai nguvu za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kudumu saa mbili au tatu. Ya pili ni ile ya kuruka kwa nusu dakika, kupumzika kidogo huku ungali mwendoni, kisha kuruka tena. Mtu wa kwenda kazini na kurudi ana kiasi fulani cha ile ya kwanza. Ya pili hana hata chembe, kwa sababu hakuna siku iliyomdai.

MOTO WA MKAA NA MOTO WA MAKUTI

Jikoni petu tunajua mioto miwili. Moto wa mkaa huchelewa kushika, lakini ukishashika hupika biriani ya watu hamsini. Moto wa makuti huruka juu mara moja, ukaunguza nyusi za mpishi, na baada ya punde umekuwa majivu. Mwili una yote miwili.

Moto wa mkaa ni ule ambao misuli huunguza mafuta na sukari kwa kutumia oksijeni iliyoletwa na damu. Huu ndio wa mwendo wa pole na wa kati. Kuuongeza maana yake ni moyo upige damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo izidi kuenea katika misuli, na vile vinu vidogo ndani ya chembe za misuli vinavyotengeneza nishati viongezeke. Moto wa makuti ni ule unaowaka pale oksijeni haitoshi kwa kazi inayotakiwa. Hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, na baada yake miguu huwaka na kuwa mizito. Zamani ilisemwa kwamba lakteti inayotokea wakati huo ni sumu inayochosha. Leo wataalamu wanafahamu kwamba lakteti yenyewe ni nishati, na kwamba misuli iliyozoezwa huichukua na kuitumia tena.

Hapa pana siri ya jambo zima. Mwenye mkaa mwingi huhitaji makuti mara chache, kwa sababu kasi inayomlazimisha mwenzake kuwasha makuti, yeye huipika kwa mkaa wake. Na akishawasha makuti, mkaa huo huo ndio unaomrudishia pumzi haraka ili awe tayari kwa kona inayofuata. Basi ajengaye lazima aanze na mkaa.

WIKI KUMI NA MBILI

Ufuatao ni utaratibu ambao mtu mwenye kazi na familia aweza kuufuata. Si sheria, kila mtu ataupunguza au kuuongeza kulingana na umri na afya yake.

Wiki nne za mwanzo ni za mwendo wa pole. Mtu aendeshe siku nne kwa wiki. Siku tatu ziwe za dakika 45 hadi saa moja, na siku moja iwe ndefu, aanze na saa moja na nusu na kuongeza kidogo kidogo hadi saa mbili. Kipimo cha mwendo ni ulimi: aweze kuzungumza na mwenzake sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa kuzungumza anakwenda mbio mno, na apunguze. Wengi watauona mwendo huu ni wa kitoto, na hapo ndipo wanapoharibu. Mtafiti Mmarekani Stephen Seiler, aliyefanya kazi miaka mingi nchini Norway, alichunguza mazoezi ya mabingwa wa michezo ya ustahimilivu na kuona kwamba kiasi cha vipindi vinane katika kumi vilikuwa vya pole kweli kweli, na vilivyobaki vikawa vikali kweli kweli. Mtu wa kawaida hufanya kinyume. Kila siku huenda mwendo wa nusu ukali, mzito mno usimwachie kupumzika, mwepesi mno usimwongezee kitu. Mwenda pole hajikwai, na katika mchezo huu mwenda pole ndiye atakayekwenda mbio kesho.

Wiki ya tano hadi ya nane, siku moja kati ya nne iwe kali. Baada ya kupasha mwili moto kwa robo saa, mtu aende kwa nguvu dakika nne, kiasi kwamba aweze kusema maneno mawili matatu tu, kisha apoe dakika tatu. Afanye hivyo mara nne, halafu arudi nyumbani pole. Watafiti wa Trondheim, Norway, walionyesha mwaka 2007 kwamba mazoezi ya namna hii huongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni kuliko kazi ya kiasi hicho hicho ifanywayo pole. Asiye na chombo cha kupimia moyo atumie kidole na saa ya mkono. Toa umri katika 220. Hicho ni kipeo cha makadirio cha mapigo ya moyo kwa dakika, nacho hutofautiana kwa watu. Mwenye miaka 40 atapata 180, na asilimia 90 yake ni 162. Akisimama na kuhesabu mapigo 40 katika sekunde 15, yuko mahali panapotakiwa. Pahali pa zoezi hili pawe na njia iliyonyooka isiyo na makutano mengi. Ndugu zetu wa Pemba hawana haja ya kutafuta. Vilima vya kati ya Mkoani, Chake Chake na Wete vitawapangia kazi na mapumziko vyenyewe.

Wiki ya tisa hadi ya kumi na mbili huongezwa siku ya pili kali, nayo ndiyo ya makuti. Sekunde 30 kwa nguvu, sekunde 30 pole, mara nane. Apumzike dakika nane huku akinyonga pole. Kisha arudie mara nane nyingine. Hii ndiyo sura halisi ya kona na vipando vya kwenye kundi. Mtafiti wa Kijapani Izumi Tabata alitoa mwaka 1996 matokeo ya zoezi kali zaidi, sekunde 20 za nguvu zote na 10 za mapumziko mara saba au nane, lililoongeza nguvu za aina zote mbili kwa wiki sita tu. Lakini vijana aliowatumia walikuwa wameshazoea mazoezi. Mwanzaji asilirukie.

Kanuni tatu zishikwe. Siku mbili kali zisifuatane. Kila wiki ya nne mazoezi yapunguzwe kwa theluthi, kwa sababu mwili haujengeki wakati wa kunyonga. Hujengeka wakati wa kulala. Na siku ya kutoka na kundi ihesabiwe kuwa siku kali, asije mtu akaiongeza juu ya hizo mbili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikishajaa, ukizidi kumimina unamwaga.

CHOMBO, CHAKULA NA MAJI

Kuhusu baskeli tusidanganyane. Mwenye baskeli nzito ya gia moja hatadumu na kundi la baskeli nyepesi za mashindano likienda kilomita 38 kwa saa, hata afanye nini. Lakini mazoezi ni yale yale, na wenye baskeli za kawaida waweza kuunda kundi lao, wakaona raha ile ile na ushindani ule ule. Iwe baskeli ya aina yoyote, mambo matatu hayagharimu kitu. Kiti kiinuliwe hata mguu, ukiwa chini kabisa, ubaki umekunjika kidogo tu kwenye goti. Wengi huketi chini mno na kuyaumiza magoti yao. Matairi yajazwe upepo vizuri, na mnyororo usafishwe mchanga na kutiwa mafuta. Na mwenye gia achague gia nyepesi inayomwezesha kuzungusha miguu mara 80 hadi 90 kwa dakika, asisukume gia nzito kama anayesukuma mkokoteni.

Sukari iliyohifadhiwa mwilini hutosha kwa kazi kali ya saa moja na nusu au mbili hivi. Ikikwisha, mtu huona giza na miguu hukataa. Kwa safari inayozidi saa moja na nusu yafaa kula njiani gramu 30 hadi 60 za wanga na sukari kwa kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kiasi cha gramu 25. Basi ndizi mbili kwa saa, au tende chache na kipande cha halua mfukoni, hufanya kazi ile ile ya vyakula vya pakiti vinavyouzwa ghali ng'ambo. Kabla ya kutoka, uji na kiazi kitamu au muhogo vinatosha, vikiliwa mapema.

Katika joto letu mtu aweza kutoka jasho lita moja na zaidi kwa saa, na jasho halitoki na maji peke yake, bali na chumvi pia. Dafu ni kinywaji bora, lakini lina chumvi kidogo ya aina inayopotea katika jasho, hivyo litiwe chembe za chumvi ya jikoni. Maji yanywewe kidogo kidogo kwa kufuata kiu. Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari. Anayefanya kazi katika chumba cha kipoza hewa akumbuke kwamba mwili wake haukulizoea jua kama wa mvuvi, na aupe siku kumi hadi kumi na nne za kuzoea. Ama mwezi wa Ramadhani si wa kutafuta kasi. Mwendo wa pole kabla kidogo ya magharibi, au baada ya futari, unatosha kuhifadhi kilichojengwa.

Na hili lisichukuliwe kwa mzaha: aliyezidi miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya moyo katika ukoo, amwone daktari kabla ya siku ya kwanza kali. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio pasipo sababu ni amri ya kusimama, si changamoto ya kushindana nayo.

WAJIBU WA KUNDI NA WA WAKUBWA

Mwendeshaji akishafanya yake, kundi nalo lina lake. Kundi lisilongoja mtu hatimaye hubaki bila watu. Desturi njema ni kuamua kabla ya kuondoka mahali pa kukusanyika tena, kwa mfano Mahonda au Mkokotoni, ili aliyeachwa ajue hana haja ya kuhatarisha maisha yake kwa kufukuza. Walio mbele wapaze sauti na kuonyesha kwa mkono kila shimo, kila mbuzi na kila gari lililosimama, kwa kuwa aliye nyuma haoni ila mgongo wa mwenziwe. Anayepokea zamu ya mbele asiongeze kasi kwa kujionyesha. Aendeleze ile aliyoikuta. Na makundi yagawanywe madaraja mawili au matatu, watu wapande kutoka moja hadi jingine kama wanafunzi wanavyopanda madarasa. Mabinti na akina mama nao wapewe nafasi yao, kwa mavazi ya heshima wayapendayo, bila ya kuchekwa. Katika mashindano hayo ya Kigali ya mwaka 2025, wanawake walio chini ya miaka 23 waliwekewa mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Kama dunia imetambua, sisi tusichelewe.

Neno la mwisho twalielekeza kwa wenye madaraka, kwa heshima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mtu anayefuata wiki nne za mwanzo tulizozieleza hapo juu amekwishafikia kiwango hicho, bila ya kuingia gharama ya uwanja wala jengo. Anachohitaji ni ukingo wa lami usiomeguka, shimo linalozibwa kabla halijawa kisima, na askari wa barabarani anayemwona mwendesha baskeli kuwa ni mtumiaji wa barabara kama wengine. Skuli zetu zina vijana wengi wanaokuja kwa baskeli. Mwalimu mmoja wa michezo mwenye saa na filimbi aweza kuwafundisha kwenda kwa mstari, kupokezana, na kungojana. Vituo vya afya vyaweza kuwapima shinikizo la damu wanaotaka kuanza. Haya ni mambo madogo kwa bajeti, makubwa kwa maisha ya watu.

Na kama mkuu wa ofisi anayesoma makala haya naye ana baskeli iliyoegemezwa ukutani tangu siku alipoachwa, twamshauri aitoe leo jioni, aifute vumbi, ajaze matairi, na aende pole dakika 45 huku akizungumza na jirani yake. Asitafute kundi wiki hii, wala wiki ijayo. Baada ya wiki kumi na mbili kundi litapita tena njia ile ile ya Mahonda, upepo ule ule utavuma, na kona zitakuwa pale pale. Mwanya utakapofunguka mbele yake, atajua la kufanya.